Mume wangu hataki kubebwa: tutafikaje Taveta kwa gari?

SWALI

Assalaam aleikum.

Nina miaka 54, nakaa Kisauni. Mume wangu ana miaka 63. Mwaka juzi alipata kiharusi, kikamwacha na udhaifu upande wote wa kushoto: mkono hauna kazi, mguu anauburuta. Alhamdulillahi, akili timamu na maneno yanasikika vizuri. Ndani ya nyumba anatembea na fimbo ya miguu minne, hatua kumi au kumi na tano, kisha lazima akae. Nje tunatumia kiti cha magurudumu.

Maisha yake alikuwa dereva wa lori, njia ya Mombasa, Voi na Taveta, enzi hizo ukishapita Mwatate ni vumbi tupu. Kila akikaa barazani ni Taveta, Taveta: mlima unavyoonekana alfajiri, ndovu wanavyokatiza barabara. Nikaona mwezi wa Julai tutoke siku nne, niendeshe mimi, akaione njia yake ikiwa na lami. Gari letu ni Toyota Fielder.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kijana wetu anataka tukodi Prado ili babake akae kwa nafasi. Wifi yangu anasema ni kumtesa mgonjwa, nimpeleke Malindi turudi siku hiyo hiyo. Na mwenyewe, ambaye nilidhani atafurahi, alinyamaza kisha akaniambia: “Sitaki kubebwa na vijana wa hoteli kama gunia la nazi, wala sitaki kutafutiwa choo njiani.” Tangu hapo nikigusia tu, anageuza uso.

Na mimi nina hofu yangu. Kumwingiza garini hakuna taabu, lakini kumtoa ni kazi. Wiki iliyopita nje ya kliniki nusura tuanguke sote wawili. Nimeona mtandaoni chuma kifupi cha kushikia, kinachomekwa mlangoni mwa gari wakati wa kushuka. Ninunue? Niendelee na safari au niwasikilize watu?

Mama Salma, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Salma. Nendeni Taveta. Lakini tuanze na hilo ulilolitaja mwisho, kwamba kuingia ni rahisi na kutoka ni kazi, maana ukishaielewa sababu yake, mengi ya hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Magari yetu usukani uko kulia, kwa hivyo abiria wa mbele hupandia mlango wa kushoto. Unapoleta kiti cha magurudumu kando ya mlango huo, kikitazama mbele ya gari, kiti cha gari kinakuwa kulia kwake. Anauendea upande wake mzima: mguu wa kulia unabeba, mkono wa kulia unashika. Wakati wa kutoka mambo yanapinduka. Sasa kiti cha magurudumu kiko kushoto kwake, anahamia upande usiomtii, na goti la kushoto linaweza kukunjika ghafla kabla hajafika. Si kwamba wewe huna nguvu, wala si kwamba yeye amezidi kudhoofika.

Na hapo utaona kwa nini hicho chuma si chenu. Huchomekwa kwenye kitanzi kinachokamatwa na kufuli ya mlango, na kitanzi hicho kiko kwenye nguzo ya gari iliyo nyuma ya mlango. Mzee akishageuka kutazama nje tayari kushuka, nguzo hiyo iko kushoto kwake. Atakishika kwa mkono gani? Kwa aliyeathirika upande wa kulia ni kifaa kizuri sana. Kwenu ni pesa ya bure. Mkono wake wa kulia unafikia nguzo ya kioo cha mbele na ukingo wa dashibodi, na hapo ndipo pa kushika. Mlango wenyewe asiuvute, kwa sababu mlango huenda na mtu. Ikibidi aushike kwa juu, kioo kikiwa kimeshushwa, lazima mtu mwingine auzuie kwa mwili wake.

Kumtoa, fuateni utaratibu ule ule kila mara. Gari lisimame mahali tambarare, handibreki juu, kiti chake kirudishwe nyuma hadi mwisho. Mguu wa kushoto ndio utoke kwanza, ukiushika chini ya kisigino na nyuma ya goti, usije ukakwaruzwa kwenye kizingiti cha mlango. Wa kulia atautoa mwenyewe. Asogee hadi ukingoni mwa kiti, nyayo zote mbili ziguse chini, ule wa kulia ukiwa nyuma kidogo. Wewe simama mbele yake upande wa kushoto, magoti yako yakizuia goti lake dhaifu. Mshike kwenye mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwake. Usimvute kwa kwapa, na ule mkono dhaifu usiuvute kabisa: baada ya kiharusi misuli inayoshikilia bega hulegea, mfupa huteleza kutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hukaa miezi.

Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Asimame wima kwanza. Hapa ndipo watu huanguka: humzungusha mgonjwa angali ameinama nusu, mguu mbovu ukabeba uzito ukiwa umekunjwa. Akishasimama na kuvuta pumzi, ageuke robo, atazame mbele ya gari, mkono wa kulia ukiwa bado umeshika nguzo. Mtu wa pili alete kiti cha magurudumu kwa nyuma yake, afunge breki zote mbili, ndipo akae. Mwombe mtaalamu wake wa viungo awaonyeshe haya kwenye gari lenyewe, pale nje ya kliniki, siyo kwenye kitanda cha mazoezi.

Umeona tumesema mtu wa pili. Kijana wako aende nanyi, au mpwa mwenye mgongo mzima, na mzee mwenyewe ndiye amchague. Wewe peke yako, uendeshe na kumhamisha siku nne, hapana.

Ukishamkalisha, kabla ya kufunga mlango tazama mkono wake wa kushoto uko wapi. Uko upande wa mlango na huenda hausikii vizuri. Vidole vimebanwa namna hiyo kwa wengi na mwenyewe asijue mpaka aone damu. Uwekwe juu ya mto mapajani, ukae hapo safari nzima. Mkanda nao unashuka kutoka bega hilo hilo la kushoto, kwa hivyo ushoneeni kifuko cha sponji nyembamba mahali unapogusa bega, bila kuusogeza chini ya kwapa.

Prado ni kosa linalofanywa kwa mapenzi. Kiti chake kiko karibu na kiuno cha mtu mzima, kwa hivyo abiria haketi, anapanda, na asiyeweza kupanda hubebwa. Yaani kile kile mzee alichokikataa. Fielder ina udhaifu wa kinyume: kiti ni cha chini, magoti yanapanda juu ya nyonga, na kuinuka kunataka nguvu ya mapaja. Pima kwa futi kamba kutoka chini hadi juu ya kiti cha gari, kisha pima kiti chake cha magurudumu kikiwa na mto wake. Cha gari kikiwa chini kwa zaidi ya sentimita 5, nenda kwa fundi wa makochi akukatie sponji ya unene wa sentimita 5 hadi 7. Sisitiza iwe ngumu. Sponji laini huzama, na gari likifunga breki ghafla mtu huteleza chini ya mkanda. Kwa sababu hiyo hiyo asilazwe sana wakati gari linakwenda, hata akiomba.

Juu ya sponji tandika kipande cha nailoni, kama kile kitambaa cha mwavuli, ageuke bila kukwama. Zamani watu walitumia mfuko wa plastiki, ambao tangu 2017 hatuna tena. Akishatulia uondoe. Na usiegeshe gari likiwa limegusa ukingo wa njia ya miguu: akisimama juu ya ukingo wa sentimita 15, kiti kimekuwa chini zaidi kwa sentimita hizo hizo. Siku moja mkitaka kubadilisha gari, tazameni Toyota Porte, ina mlango mpana wa kuteleza upande wa abiria na sakafu ya chini, au yale magari ya Kijapani yenye kiti kinachozunguka hadi nje, ambayo Toyota huyaita Welcab.

Sasa njia. Watu hupanga safari kwa kilomita. Yenu ipangeni kwa idadi ya kushuka. Kushuka mara moja ni kuhamishwa mara mbili, kutoka na kurudi. Mkisimama Mariakani kwa chai, Mackinnon Road kwa sala, Maungu kwa choo, kisha mfike hoteli Voi, mmemhamisha mara nane ukihesabu na ile ya nyumbani, na bado ni siku ya kwanza. Wekeni kikomo cha kushuka mara tatu kwa siku, na kufikia malazi kuhesabiwe humo. Chai inaweza kumfuata garini. Mahamri na chupa ya chai havihitaji ngazi. Sala pia, akiwa msafiri ana ruhusa ya kufupisha na kuunganisha, na mwenye udhuru huswali ameketi. Ule msikiti wa Mackinnon Road lilipo kaburi la Sayyid Baghali, kando ya reli, madereva wengi wa njia hiyo wanaujua na huenda atataka kuuzuru. Basi hiyo iwe moja ya zile tatu, na kijana atangulie kutazama ngazi na njia ya kupita.

Kutoshuka si kutosimama, lakini. Kila baada ya saa moja hivi egesha mahali salama, akanyage na kukunjua vifundo vya miguu mara ishirini, wewe umsaidie ule wa kushoto, na ainue makalio kidogo upande mmoja kisha mwingine. Damu ya miguuni ikilala muda mrefu huganda, na ngozi iliyokaliwa bila kusogezwa huanza kuoza kutoka ndani kabla haijaonekana nje.

Tuje kwenye choo, ambacho ndicho kinachomnyamazisha. Hofu yake ni ya haki. Vyoo vingi vya njiani ni vya kuchuchumaa, na vile vya kukaa mara nyingi mlango wake ni sentimita 60 au 70, wakati kiti cha magurudumu cha kawaida chenyewe kina upana unaokaribia hapo. Msivitafute kabisa. Nunueni chupa ya kukojolea ya wanaume kwenye duka la vifaa vya hospitali, ile yenye mdomo mpana na kifuniko, tena mbili, na mzee asafiri amevaa kikoi badala ya suruali. Kikoi hakina zipu wala mkanda wa kuhangaika nao kwa mkono mmoja. Kifungwe juu ya vifundo vya miguu asije akakikanyaga wakati wa kusimama, na ndani avae kaptura fupi ya mpira. Kanga mbili zibanwe juu ya vioo vya mlango kwa vibanio vya nguo, ninyi wengine mtoke nje mnyooshe miguu, na afanye mwenyewe kwa mkono wa kulia. Ajaribu nyumbani kwanza, ameketi kwenye kiti cha gari, kwa sababu kukojoa umeketi kuna namna yake na chupa ikiinama vibaya humwagika. Taulo ya zamani chini yake, chupa ya maji ya kusafisha, sabuni, basi. Kwa haja kubwa chukueni kiti-choo cha kukunja, kikae kwenye buti kwa ajili ya hoteli.

Kosa litakalomshawishi ni kuacha kunywa maji ili asihitaji chupa. Ukanda wa Taru ni joto na vumbi. Damu itakuwa nzito, presha itayumba, na tumbo litafunga. Anywe kidogo kidogo, kwa kawaida yake. Kama moja ya dawa zake za presha ni ile ya kukojosha, mwulize daktari kama siku za kusafiri anaweza kuimeza mkishafika. Asiiache kwa uamuzi wake. Na dawa zisikae kwenye dashibodi, jua la huko huzichoma.

Kuhusu vijana wa hoteli, tatizo si adabu yao. Ni wema usio na maelezo. Wanakiona kiti, wanakiinua kwa kushika vile vya kuegemea mikono, vinachomoka mkononi, na mgonjwa anabaki ananing’inia. Njia ya kuepuka kubebwa ni kuchagua mahali pasipo na ngazi, na hilo halijulikani kwa kuuliza simuni kama wana chumba cha walemavu, maana jibu ni ndiyo kila mahali. Omba picha kwa WhatsApp: mlango mkuu wa kuingilia, njia kutoka maegesho hadi chumbani, mlango wa bafu ukiwa na futi kamba mbele yake, na sakafu ya bafu. Mlango wa bafu usipungue sentimita 75. Ukiwa 80 mnapita bila kukwaruza vidole. Bafu lenye kizingiti kirefu ni baya kuliko bafu dogo. Kitanda pia wakipime: cha sentimita 50 hivi kinamfaa, cha 70 atahitaji kupandishwa. Hoteli inayokataa kutuma picha imeshakujibu.

Palipo na ngazi moja, msitumie ubao wa mita moja mtakaoukuta hapo. Mwinuko salama ni sehemu moja ya kupanda kwa kila sehemu kumi na mbili za urefu, kwa hivyo ngazi ya sentimita 15 inataka ubao wa karibu mita 1.8. Ni rahisi zaidi kumpandisha kinyumenyume: magurudumu makubwa yatangulie, kijana avute kwa vishikio vya nyuma, wewe ushike fremu kwa chini mbele. Kushuka pia magurudumu makubwa ndiyo hutangulia, yeye akitazama mnakotoka. Hakuna mhudumu anayegusa chochote, na mwenye kuwaambia hivyo awe yeye mwenyewe, si wewe kwa niaba yake.

Kwa malazi, tungechagua Voi kwa siku zote tatu za kulala. Mji uko tambarare, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo hapo. Wundanyi ni pazuri kuliko Voi mara kumi, lakini mji wote uko kwenye mteremko. Gurudumu likiachiwa kidogo linakimbia, na Julai kuna ukungu na baridi ambayo hukaza misuli ya upande dhaifu. Wundanyi muiendee kwa gari mchana tu, msilale huko. Kulala mahali pamoja siku zote pia kunakuondolea kufungua na kufunga mizigo, na bafu moja likishazoeleka halimtishi tena.

Siku ya kwanza tokeni Kisauni mara baada ya Alfajiri, mpite Jomvu na Mariakani kabla malori hayajajaa kwenye mizani. Ni kama kilomita 160 hadi Voi. Pangeni saa tatu na nusu pamoja na kusimama. Kuna faida ambayo watu hawaihesabu: asubuhi mkielekea Voi jua liko nyuma yenu upande wa dereva, na alasiri mkirudi Mombasa liko nyuma yenu tena. Asubuhi yeye kushoto yuko kivulini, na mkirudi halimpigi usoni. Na dirisha lake ndilo lenye milima, Kasigau kwa mbali mkikaribia Maungu, kisha Sagalla mkiingia Voi. Usiku msiendeshe njia ile hata mkichelewa. Lori lililoharibika bila taa, na ndovu asiyeonekana mpaka uko naye, mumeo anavijua kuliko sisi.

Siku ya pili ni Tsavo Mashariki, na tunataka umwambie neno hili kwa makusudi: mle ndani hata mwenye miguu mizima haruhusiwi kushuka, isipokuwa sehemu chache zilizotengwa. Wote mnaona ndovu wekundu kutoka kwenye viti vyenu. Lango la Voi hufunguliwa saa 12 asubuhi, na malipo hufanywa kwa njia ya mtandao, kwa hivyo shughulikieni usiku wake. Kama ana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ibebeni na mwulize kuhusu msamaha wa kiingilio kabla ya kulipa. Fielder inaweza kufika Bwawa la Aruba na kurudi kama hakujanyesha. Kinachoumiza ni ile mikunjo ya bati kwenye murram. Bega lake litatikiswa, kwa hivyo mto chini ya mkono, mwendo wa kilomita 25 au 30 kwa saa, na saa nne zinatosha. Mkahawa au hoteli iliyo juu ya kilima muitazame kwa chini.

Siku ya tatu ndiyo yake. Kutoka Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110, lami sasa. Ondokeni bado giza linaisha, mpite mashamba ya katani ya Mwatate, kisha Bura na Maktau. Kilimanjaro hutokea mbele yenu, kidogo kulia, na ni asubuhi tu. Kufikia saa 4 mawingu huwa yameshaufunika mara nyingi. Mlima ukijitokeza, egesha. Kabla ya Taveta kuna Salaita, kilima kidogo ambako majeshi ya Waingereza yalishindwa na Wajerumani Februari 1916, na kinaonekana vizuri kutoka barabarani. Ziwa Chala liko kaskazini ya mji. Uzuri wake uko juu ukingoni. Maji yako chini kabisa ndani ya shimo la volkano na njia ya kuyafikia ni mwinuko mkali, hilo aliache. Taveta mjini ashuke, ale, akutane na anaowajua. Kurudi Voi kabla ya saa 10 jioni.

Wundanyi mwiendee siku ya nne asubuhi kama bado ana hamu, kabla ya kuelekea nyumbani. Kutoka Mwatate barabara inapanda kwa kona kali. Kila kona ya kulia itamtupa kushoto, upande usioweza kujizuia, kwa hivyo jaza nafasi kati ya nyonga yake na mlango kwa mto au blanketi lililokunjwa, na uupande mlima kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mkishuka tumia gia ya chini, breki zisishike moto.

Malindi anayoisema wifi si mbaya, barabara ni tambarare na daraja la Kilifi linapendeza. Ila uzuri wa huko uko kwenye mchanga na kwenye magofu, na magurudumu madogo ya mbele ya kiti huzama kwenye mchanga mara moja. Halafu si Malindi anayoiota.

Kiti chenyewe kikaguliwe kabla. Kikunjwe, vya kuwekea miguu na mto vitolewe, kitaingia nyuma ya Fielder nusu ya kiti cha nyuma ikiwa imelazwa. Kama magurudumu makubwa ni ya kujazwa upepo, mengi ni ya inchi 24, tyubu ya 24 kwa 1⅜ ni ya baiskeli na fundi wa baiskeli yeyote Voi ataibadilisha. Bebeni moja, na pampu ya mkono.

Jambo moja la hospitali. Uso ukilegea upande, mkono wa kulia ukikosa nguvu ghafla, au maneno yakianza kuvurugika, andika saa hiyo hiyo na uendeshe kwenda hospitali iliyo karibu, Voi, Wesu kule Wundanyi au Taveta, na kijana apige simu njiani awaulize kama wana mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo, au wawaelekeze iliko. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili kuanza. Usimpe aspirini kwanza. Kama mshipa umepasuka, itaongeza kuvuja damu.

Kabla ya Julai fanyeni jaribio la siku moja. Piteni Miritini na barabara ya Dongo Kundu, bila kugusa kivuko cha Likoni, madaraja yanapita juu ya mikoko na yote anaiona akiwa ameketi. Mtokee Ng’ombeni, mkate Kombani, mpande Kwale hadi hifadhi ya Shimba Hills, mahali pekee Kenya penye palahala, aina ya swala mkubwa. Maporomoko ya Sheldrick yaacheni, ni mwendo wa miguu. Siku hiyo mjaribu kila kitu: sponji, kikoi, chupa, kushuka mara tatu, murram. Na usimwombe aje kama mgonjwa anayepelekwa. Mpe karatasi umwambie aandike vituo vya njia ya Taveta, wapi pana kivuli cha kuegesha, wapi ndovu huvuka, kwa sababu wewe hujui na yeye anajua. Akiwa amechoka kabla ya saa 8 mchana huko Kwale, msifute safari. Iongezeni siku moja ya kupumzika Voi kati ya Tsavo na Taveta, na Wundanyi ibaki kwa safari nyingine.